Diski Mpya za Gari la Mukiri

Karwirwa alikuwa amekwisha kufunga diski ya upande wa kulia, na wa kushoto ulikuwa nusu, Marete alipoingia bomani bila hodi. Nyuma yake alifuata Njura, panga limelala begani.

Ilikuwa Jumanne, saa nne asubuhi, mwaka uliofuata ule wa mvua za El Nino. Ukungu wa Kibirichia ulikuwa bado haujaachia mashamba ya viazi, na vyuma vilikuwa baridi kiasi cha kuuma vidole. Gari lenyewe lilikuwa Land Cruiser ya kijani, kuukuu, aliyoiacha mumewe Mukiri alipokufa kwa ugonjwa wa ini miezi mitano kabla. Kwa gari hilo Mukiri alibebea watu viazi miaka kumi na miwili. Hakuwahi kulipeleka gereji. Alilitengeneza papo hapo bomani, na mkewe ndiye aliyempokeza spana. Baadaye mke akaanza kuzishika spana mwenyewe. Majirani walicheka, kisha wakazoea, kisha wakawa wanamletea pikipiki zao zilizokataa kuwaka.

Diski za breki za mbele zilikuwa zimelika hadi zikafanya mifereji ya kuingiza ukucha. Kila breki ikikanyagwa zililia chuma kwa chuma, na gari lilivuta kuelekea kushoto kama ng'ombe anayekataa kamba. Karwirwa aliteremka Meru mjini kwa Warsame, mwuza spea, akarudi na diski mbili zilizofungwa kwa karatasi yenye mafuta, na katoni ya pedi. Alianza kazi alfajiri. Ukitaka kutoa diski ya gari la aina ile ni lazima ung'oe habu nzima, kile kitovu cha gurudumu, beringi zake na zote, ndipo ufungue bolti zinazoishikilia diski kwa nyuma. Bolti hizo zilikuwa zimeshika kutu. Alizipiga nyundo, akazimwagia dizeli, akaning'iniza uzito wake wote kwenye kipande cha paipu alichokichomeka spanani, mpaka moja baada ya nyingine zikalegea kwa mlio kama wa mfupa kuvunjika.

Sasa upande wa kushoto habu ilikuwa imerudi mahali pake na diski mpya inang'aa. Lakini kalipa, lile bano linaloibana diski gari lisimame, lilikuwa bado linaning'inia kwa waya kwenye springi, na pedi zake zilikuwa ndani ya katoni. Breki ikikanyagwa hivyo, mafuta yangemwagikia hapo, na upande wa kulia nao usingeshika. Magurudumu ya nyuma hayakuwa na breki hata kidogo. Mukiri mwenyewe aliziba paipu ya nyuma mwaka wa mwisho wa uhai wake, mafuta yalipoanza kuvuja, akisema ataleta kifaa kipya, na kifo kikamtangulia. Waya wa breki ya mkono ulikuwa umekatika zamani. Gari likiegeshwa lilizuiwa kwa jiwe.

Marete alikuwa mdogo wake Mukiri, wa tumbo moja. Tangu matanga alikuwa akisema gari ni la nyumba yao, si la mwanamke aliyeletwa na ndoa. Wiki ya tatu baada ya maziko alikuja akaondoka na ng'ombe. Mwezi wa pili akaja akachukua mabati yaliyokuwa yamepangwa nyuma ya choo. Karwirwa hakusema kitu, kwa sababu mwanawe Kinoti alikuwa shule ya bweni na yeye alikuwa peke yake pale na mama mkwe wake, Ciakuthii, aliyekuwa na miaka sabini na kitu. Lakini gari alikuwa ameapa moyoni kuwa halitoki.

Njura alikuwa mtu mwingine. Huyo hakuwa na neno na Karwirwa. Alikuwa mpagazi sokoni, mtu wa Embu aliyekuja kutafuta kazi huku juu, na kwa miaka minne alikuwa amepakia viazi vya Mukiri kwenye gari hilohilo. Alikuwa amekula chakula cha Karwirwa mara zisizohesabika. Ndiyo maana alipoingia hakumtazama usoni.

Marete aliomba ufunguo. Karwirwa, akiwa amepiga magoti kando ya habu, mikono imejaa grisi hadi viwikoni, alimwambia hatoi. Marete akasema hakuja kubishana. Akasema leo gari linalala kwake.

"Marete, hii gari haina breki," Karwirwa akamwambia. "Angalia mwenyewe. Nimefungua."

Marete alicheka, lakini si kicheko cha furaha. Ni maneno aliyokuwa ameyasikia kwa miaka. Kila alipomwomba kaka yake gari, la kwenda harusini au kupeleka mgonjwa, Mukiri alimjibu hivyohivyo: lina shida ya breki. Kisha kesho yake alimwona akipita nalo, limejaa magunia, likishuka mteremko bila shida yoyote. Kwa hiyo maneno hayo yalipotoka sasa kinywani mwa mjane aliyaona ni uongo uleule, umerithiwa pamoja na gari. Alimpiga kofi lililomwangusha juu ya diski kuukuu alizokuwa ameziweka kando, na ukingo wake ukampasua juu ya jicho.

Ciakuthii alitoka jikoni akiwa na kisu cha kumenyea viazi mkononi. Alimwita mwanawe kwa jina la babu yake, jina ambalo halitajwi ovyo. Marete alimgeukia, akamshika mabega, akamrudisha jikoni akimsukuma kinyumenyume, akafunga mlango na kupitisha komeo kwa nje. Mama yake akabaki ndani akiupiga mlango viganja.

Muda huo mfupi ulimtosha Karwirwa kuinuka. Damu ilimfunika jicho moja. Chini kulikuwa na wili spana, ile yenye mikono minne kama msalaba, na aliishika kwa mikono miwili. Njura ndiye aliyekuwa karibu. Alinyoosha mkono kana kwamba anataka kumtuliza au kumpokonya, Karwirwa hakujua ni lipi, naye hakungoja ajue. Alimshushia spana kwenye kifundo cha mkono wa kushoto. Wote wawili walisikia mfupa ukiachia. Njura alitoa sauti nyembamba ambayo haikufanana na mwili wake, na mkono wa pili, ule wenye panga, ukaja wenyewe. Panga lilimkata Karwirwa chini ya kiwiko, likaingia hadi mahali peupe. Hakuhisi maumivu. Alihisi baridi tu, kisha vidole viwili vya mwisho vikaacha kumtii na spana ikaanguka.

Marete alimkamata nywele kwa nyuma, akamwangusha, akampiga teke la ubavu, na la pili, na la tatu. Alikuwa amevaa buti za mpira za shambani. Kila teke alilisindikiza kwa neno: kaka yake alimnyima, baba yake alimnyima, na sasa mwanamke. Karwirwa alijikunja akaficha kichwa. Udongo uliingia kinywani ukachanganyika na damu na dizeli. Kutoka mbali alimsikia mama mkwe akiita majirani, lakini boma la karibu lilikuwa ng'ambo ya bonde dogo, na siku ya soko watu hawako nyumbani.

Mateke yalipokoma, Marete aliupata ufunguo ndani ya mfuko wa aproni ya Karwirwa. Akamwamuru Njura warudishe tairi. Njura alikuwa ameketi chini, ameupakata mkono uliovunjika, uso umekuwa wa kijivu. Alisema anataka hospitali. Marete akamjibu kuwa gari ndilo litakalompeleka hospitali, na akivivia atakwenda kwa miguu. Basi akainuka. Marete aliliviringisha gurudumu hadi kwenye habu na kulipachika, na Njura, kwa mkono mmoja, alimpa nati.

Ni hapo Njura alipoinama kuokota nati iliyobingirika chini ya gari, akaliona bano likining'inia kwa waya. Hakuwa fundi, lakini mtu aliyelipakia gari miaka minne hulijua kidogo. Alilitazama. Kisha akamtazama Karwirwa aliyekuwa amelala hatua tatu kutoka kwake, shavu ardhini, jicho moja limefunguka.

"Mama Kinoti," akamwuliza, kwa sauti ya siku zote, ile ya kuuliza kama magunia yapangwe mbele au nyuma, "hii inaning'inia hapa, iko sawa?"

Karwirwa alimwona vizuri. Aliona jasho juu ya mdomo wake. Aliona damu yake mwenyewe kwenye panga lililolazwa juu ya boneti. Alikuwa amekwisha kusema kweli mara moja, na kweli ile ilimletea kofi, na baada ya kofi yakafuata yote mengine. Kusema tena kungehitaji pumzi, na mbavu zilikuwa zikimchoma. Lakini haikuwa pumzi. Baadaye alijikagua sana juu ya jambo hilo na kila mara alifika palepale: pumzi ilikuwepo.

"Iko sawa," alisema.

Marete alimfokea Njura aache maswali. Walishusha jeki, wakaondoa jiwe. Gari lilikuwa na dizeli, na betri yake Karwirwa alikuwa ameichaji wiki iliyopita. Lilinguruma mara moja. Kutoka bomani hadi barabarani ni kupanda kidogo, kwa hiyo Marete hakuhitaji breki. Alipita getini akiligonga ubavu, akashika barabara. Karwirwa alisikiliza gia ikibadilishwa, ya pili, ya tatu. Alijua barabara ile mita kwa mita. Inapanda hadi penye kanisa, halafu inainama kuelekea mtoni, kilomita mbili za mteremko bila tambarare. Alijua pia tabia ya Marete, ya wote wanaojipa udereva: akifika kileleni hutoa gia, huliachia gari lishuke kwa free kuokoa mafuta.

Alitambaa hadi mlango wa jikoni, akajiinua kwa ukuta, akavuta komeo. Ciakuthii alitoka, akamwona. Alivua leso yake akamfunga mkono kwa nguvu, juu ya kidonda na chini yake, akauma fundo kwa meno machache yaliyobaki. Honi ilisikika akiwa bado anafunga. Haikuwa honi ya kupisha. Ilikuwa ndefu, bila kukatika, ikishuka, ikipungua kadiri inavyokwenda mbali. Kisha ikakoma.

Mama mkwe akainua uso. Karwirwa akatazama chini.

Walikwenda kwa miguu, wawili hao, mzee akimshika mgonjwa na mgonjwa akimshika mzee. Njiani waliona mafuta ya breki yametiririka juu ya changarawe, mstari mwembamba ulioanzia kanisani na kuishia ghafla. Waliona mkokoteni umevunjika vipande viwili, na punda bado amefungwa kwenye nira yake, shingo imegeuka nyuma. Mwenye punda alikuwa amekaa ukingoni hana hata mkwaruzo, akirudia kwamba aliruka, kwamba aliruka tu. Kwenye kona ya mwisho gari lilikuwa limepanda ukuta wa udongo, likajiviringisha, likalala chali mashambani na magurudumu juu. La kushoto mbele lilizunguka polepole mtu alipoliegemea.

Marete walimtoa hai. Mguu wa kulia ulikuwa umebanwa na chuma kuanzia gotini, na watu walipouvuta haukuja kama mguu unavyopaswa kuja. Alipiga kelele mpaka akazirai. Njura alikuwa ameruka, au amerushwa, hakuna aliyeona. Gari lilimpitia kifuani lilipokuwa likijiviringisha. Alikuwa amelala kifudifudi katikati ya viazi visivyovunwa, mkono uliovunjika umekunjwa chini yake, kama aliyekuwa akiulinda hadi dakika ya mwisho. Karwirwa alisimama juu yake. Alitaka kumgeuza apate kumfunga macho, lakini mkono mmoja haukuweza, na hakuna mtu aliyemsaidia kwa kuwa wote walikuwa wamemzunguka Marete.

Pikapu ya mfanyabiashara mmoja iliwabeba pamoja hadi Meru mjini: Marete na Karwirwa wakiwa hai, na Njura chini ya turubai. Karwirwa alishonwa nyuzi ishirini na moja. Mbavu mbili zilikuwa zimevunjika. Vidole viwili havikukunjika tena. Marete walimkata mguu juu ya goti siku hiyohiyo, na alipopata fahamu neno lake la kwanza kwa askari lilikuwa kwamba shemeji yake amemwua Njura. Alimsikia kwa masikio yake, akasema, akimwambia Njura kuwa gari liko sawa.

Askari walimhoji Karwirwa akiwa kitandani. Aliwaambia alivyopigwa na alivyokatwa, na vidonda vilikuwa wazi hapo vikimsemea. Aliwaambia kuwa alimwonya Marete. Walipomwuliza kuhusu Njura alinyamaza, na afisa mmoja akadhani ni uchungu, akafunga daftari. Kesi iliachwa mikononi mwa ukoo kwanza, maana ilikuwa ya ndugu kwa ndugu, na kila mtu alikuwa amemwaga damu ya mwenzake.

Wazee wa ukoo walikaa wiki ya sita, ndani ya stoo ya viazi ya kanisa, kwenye viti vya kuazima. Marete aliletwa kwa magongo. Alieleza yote, na kwa kweli hakuficha kwamba alimpiga. Aliona lile neno la Karwirwa kwa Njura litazidi mengine kwa uzito. Karwirwa alipoulizwa alisimulia hadi penye kufungwa tairi, akakoma. Wakamwuliza kama alisema maneno yale. Kabla hajafungua kinywa, Ciakuthii aliinuka kutoka kwenye benchi la wanawake bila kuitwa.

Alisema yeye ndiye aliyekuwa karibu kuliko wote. Mwanawe alimfungia jikoni kama kuku, na mlango ule ni wa mbao zenye nyufa, na masikio yake hayajazeeka. Alimsikia mkaza mwanawe akisema gari halina breki. Alisikia kofi likifuata. Mzee mmoja akamwuliza kama alisikia na neno lingine, baadaye, aliloulizwa na marehemu.

"Sikusikia lingine," Ciakuthii alisema, akaketi.

Marete alimtazama mama yake kwa muda mrefu. Wazee waliamua kuwa gari lilikuwa bovu, mwenye kulichukua alionywa, na damu ya Njura iko juu ya aliyemtoa sokoni na kumpa panga. Ng'ombe arudishwe. Mabati yarudishwe.

Njiani kurudi Ciakuthii alitangulia, jambo ambalo halikuwa desturi yake. Hakugeuka hata mara moja. Walipofika bomani alisimama palepale penye doa la dizeli, akasema bila kumtazama kwamba hana sababu ya kushukuriwa. Alisema alikuwa na watoto wawili katika stoo ile, na mmoja bado alikuwa na vidole vya kulima na mwingine hana mguu wa kusimama, na Mungu atamhesabia anavyojua. Kisha akaingia ndani. Kwa muda wa miezi miwili alijipikia chungu chake peke yake.

Kidonda cha mkono kilipoanza kufunga Karwirwa alikwenda Embu. Hakumwambia mtu. Aliuliza mpaka akafika mtaa uitwao Dallas, kwenye safu ya vyumba vya mabati ambapo Wambeti, mama yake Njura, alikuwa akifulia watu nguo. Alimkuta amepiga magoti juu ya beseni, mwanamke mfupi mwenye mikono mikubwa kama ya mwanawe. Karwirwa alijitambulisha. Wambeti alisema amesikia habari zake; amesikia kwamba mwanawe ndiye aliyemkata, na akaanza kumwomba msamaha kwa niaba ya marehemu, povu likimdondoka vidoleni.

Karwirwa alimkatiza. Alimweleza kila kitu, na jinsi Njura alivyouliza, na alivyomwita. "Aliniuliza vizuri," alisema. "Nikamwambia iko sawa. Nilijua haiko sawa."

Wambeti hakulia. Aliinuka, akachukua gongo la mti alilotegemezea kamba ya nguo, akampiga nalo begani. Akampiga mgongoni. Karwirwa aliinamisha kichwa, akauweka mkono wake mbovu nyuma, hakuinua ule mzima. Majirani walitoka milangoni na mtu akauliza ni mwizi gani huyo, lakini Wambeti aliwaambia warudi ndani. Alipiga mpaka pumzi ikamwishia, mpaka kovu la mkono likafunguka na damu ikatiririka kwenye maji ya sabuni yaliyomwagika. Halafu gongo likamponyoka. Aliketi kwenye beseni lililopinduka, mikono juu ya magoti, akihema.

Karwirwa alipiga magoti kwenye tope mbele yake.

"Ulimwambia nani mwingine?" Wambeti aliuliza mwishowe.

Karwirwa akajibu hakuna.

Wambeti alifikiri. Akasema aende zake, na asirudi tena Embu maadamu yeye yu hai. Ila kabla hajaondoka alichukua shuka moja kwenye kamba, la mteja, jeupe, bado bichi, akalipasua ukingo, akamtupia kipande afunge mkono. Karwirwa alijifunga kwa meno, akatoka, akatafuta gari la kumrudisha Meru kabla mvua haijaanza.